Solkan: Kijiji Kilichomezwa kwa Karatasi, Kisha kwa Nyumba

Mwenyekiti, walimu wangu, wanafunzi, na nyinyi mliotoka kazini mkaja moja kwa moja bila hata kupita nyumbani, asanteni sana. Nimepewa kazi ya kuzungumzia miji inayomeza vijiji. Ningeweza kubaki hapa hapa kwetu, mifano tunayo tele, lakini mifano ya kwetu ina kasoro moja: karibu kila mmoja wenu ana shamba, kiwanja au kesi ya mpaka ndani yake, na mhadhara ungegeuka baraza la ardhi kabla sijamaliza utangulizi. Kwa hiyo nitawapeleka mbali, mahali ambapo hakuna mtu humu anayedai fidia.

Mahali penyewe panaitwa Solkan. Pako magharibi kabisa mwa Slovenia, nchi ndogo ya watu kama milioni mbili, kwenye mpaka na Italia. Mto Soča, ambao Waitalia huuita Isonzo, unashuka kutoka milima ya Alpi ukipita kwenye korongo jembamba. Kisha ghafla milima inaachana na mto unatoka kwenye uwanda. Kulia kwake, ukifuata maji, kuna mlima Sabotin, mita 609. Kushoto kuna Sveta Gora, yaani Mlima Mtakatifu, mita 682, wenye kanisa la hija tangu karne ya 16. Hapo mlangoni, mto unapovuta pumzi, ndipo ilipo Solkan. Ukishuka kidogo kusini unaingia mji wa Nova Gorica bila kujua umeingia, na ukivuka mpaka kuelekea magharibi uko Gorizia, mji wa Italia.

Naomba mshike jambo moja, kwa sababu ndilo nitakalolizungusha jioni nzima. Kijiji kinaweza kumezwa kwa karatasi, na kinaweza kumezwa kwa nyumba. Kwa karatasi, mtu anapiga saini ofisini, nanyi mnaamka mkiwa kata ya mji ambao jana ulikuwa jirani tu, ingawa hakuna hata jiwe moja lililohamishwa. Kwa nyumba, majengo yanasogea shamba baada ya shamba mpaka yanagusana na yenu, hata kama hakuna aliyepiga saini. Solkan imepitia yote mawili, katika karne moja, kutoka kwa miji miwili tofauti, chini ya dola mbili tofauti. Ndiyo maana nimeichagua.

Tuanze mwaka 1001. Mwaka huo Kaisari Otto wa Tatu alitoa hati ya kumpa Patriaki, yaani askofu mkuu, wa Aquileia nusu ya mali yake katika eneo hili, na baadaye mwaka huohuo nusu nyingine akampa mtawala wa Friuli. Hati inataja mahali pawili. Pa kwanza ni ngome ya Solkan. Pa pili ni kijiji ambacho, inasema hati, Waslavi kwa lugha yao wanakiita Goriza. Mmesikia mpangilio huo? Ngome ni Solkan, kijiji ni Gorizia. Aliyekuwa mkubwa kwenye karatasi ni huyu ambaye leo tunamwita kitongoji.

Sababu yake haina siri. Anayeshika mdomo wa korongo anashika njia ya kwenda juu milimani, na ngome hujengwa pale panapozuia watu kupita. Soko ni jambo lingine, soko linataka uwanda. Gorizia ilikuwa na kilima chake cha kujengea ngome na uwanda wa kutosha kuizunguka. Ikapata makabaila wake yenyewe, wale wanaojulikana kama makabaila wa Gorizia, na mwanzoni mwa karne ya 13 ikapewa haki ya kufanya soko la kila wiki. Ukoo huo ulipokatika mwaka 1500, mji ukaangukia mikononi mwa Habsburg, ukoo uliotawala Austria, nao wakakaa nao, ukiondoa vipindi vifupi, mpaka Vita vya Kwanza vya Dunia. Katika karne zote hizo Solkan ikateremka taratibu: ikawa kijiji cha nje ya mji, kinacholisha mji. Bustani zake zilipeleka mboga sokoni Gorizia. Mpaka leo, Mslovenia akienda dukani kununua mbegu za radič, ile mboga ya majani yenye uchungu kidogo ambayo wenyeji hula kama saladi, atakuta pakiti iliyoandikwa Solkanski, yaani ya Solkan.

Kijiji hakikutoa mboga peke yake. Mwaka 1705 alizaliwa huko Marko Anton Plenčič, akaenda kuwa daktari Vienna, na mwaka 1762 akachapisha kitabu kwa Kilatini akidai kwamba magonjwa ya kuambukiza husababishwa na viumbe hai wadogo wasioonekana, na kwamba kila ugonjwa una chanzo chake cha aina yake. Hiyo ni karne nzima kabla ya Pasteur na Koch, wanasayansi waliokuja kuthibitisha jambo hilo. Hakuwa na vipimo vya kuthibitisha, na wengi hawakumsikiliza. Nimemtaja kwa sababu tu huwa tunadhani kijiji kinachopakana na mji kinaleta mjini maziwa na vibarua, basi.

Na mafundi pia. Solkan ilijulikana kwa maseremala. Misitu ya nyanda za juu za Trnovo haiko mbali, na mji wenye watu wa uwezo wanaotaka makabati na vitanda uko jirani. Kufikia mwisho wa karne ya 19 karakana za samani zilikuwa uti wa mgongo wa kijiji. Mkumbuke maseremala hawa, tutakutana nao tena.

Sasa reli.

Dola ya Austria ilikuwa na bandari moja kubwa, Trieste, na ilitaka njia ya pili ya treni kuifikia kutoka kaskazini. Njia hiyo ilipitishwa milimani kutoka Jesenice, chini ya handaki la Bohinj lenye urefu wa zaidi ya kilomita 6, kisha ikafuata bonde la Soča hadi Gorizia. Pale Solkan treni ilibidi ivuke mto. Wahandisi waliamua kuvuka kwa tao moja la mawe. Mchoro wa kwanza ulikuwa na tao fupi kidogo. Ardhi ya ukingoni ilipoonekana kuwa dhaifu, wakalirefusha hadi mita 85. Mpaka leo hakuna daraja la reli duniani lenye tao la mawe kubwa kuliko hilo. Kuna tao la mawe refu zaidi huko Plauen, Ujerumani, la mita 90, la wakati uleule, lakini lile ni la barabara. Wapenda rekodi huwa wanasahau kutenganisha haya mawili, kisha wanagombana bure.

Hebu tulikaribie tao lenyewe, maana picha ya mbali haionyeshi kazi. Tao la mawe halisimami mpaka liwe limekamilika. Jiwe la kwanza na la pili na la mia haviwezi kujibeba. Vinabebwa na kiunzi cha mbao kilichopinda kama tao lenyewe, kinachosimama juu ya maji. Mawe 4,533 yalichongwa mapema, kila moja kwa umbo lake, kwa sababu jiwe la pembeni mwa tao si sawa na la kileleni. Kisha yakapangwa kutoka pande zote mbili kwa pamoja, maana ukijaza upande mmoja tu kiunzi kitalemea na kupinda. Kazi ya kupanga tao zima ilichukua siku 18. Mhandisi alikuwa Leopold Oerley na mbunifu Rudolf Jaussner. Tarehe 19 Julai 1906 mrithi wa kiti cha Austria, Franz Ferdinand, alikuja kuifungua reli. Ndiye yule yule aliyepigwa risasi Sarajevo miaka minane baadaye, na vita vilivyofuata vikalifikia daraja hili hili.

Italia iliingia vitani Mei 1915. Kati ya Juni mwaka huo na mwishoni mwa 1917 palipiganwa mapigano makubwa 12 kwenye mto Soča, na Solkan ilikuwa chini ya milima iliyokuwa ikigombewa. Wakazi wengi walihamishwa wakawa wakimbizi ndani ya dola. Agosti 1916 Waitalia waliiteka Gorizia, na usiku wa tarehe 8 kuamkia 9 jeshi la Austria, likirudi nyuma, likalilipua tao kwa baruti ya kilo 930. Mstari wa mbele ukabaki juu ya vichwa vya kijiji kwa zaidi ya mwaka. Katika pambano la 11 Waitalia waliteka Sveta Gora, lakini mlima wa pili yake, Škabrijel, uliwashinda. Kanisa la hija likabaki kifusi, na kijiji nacho kikabaki kifusi.

Vita vilipokwisha, dola ya Austria haikuwepo tena. Kwa mkataba wa Rapallo wa Novemba 1920, eneo lote likawa la Italia. Solkan ikaitwa Salcano. Ndipo tunafika kwenye kumezwa kwa kwanza.

Lakini kabla ya hapo, nani alijenga upya zile nyumba? Hili halimo katika vitabu vingi vya historia ya miji. Tangu Mfereji wa Suez ulipofunguliwa mwaka 1869, wanawake kutoka bonde la Vipava na vijiji vya kuizunguka Gorizia walikuwa wakisafiri hadi Alexandria na Cairo kufanya kazi katika nyumba za matajiri: kunyonyesha watoto wa watu, kuwalea, kupika. Waliitwa Aleksandrinke. Wengine waliacha nyumbani watoto wao wachanga ili wakanyonyeshe wa wengine. Baada ya vita, waume zao wakiwa hawana kazi na kuta zikiwa zimelala chini, fedha kutoka Misri ndizo zilizoezeka mapaa mengi. Humu ndani kuna mtu ambaye dada yake yuko Muscat au Riyadh anafanya kazi ya ndani, na nyumbani kwao bati jipya limewekwa. Sihitaji kumweleza mtu huyo zaidi.

Sasa, mwaka 1927. Serikali ya kifashisti ilikuwa tayari imefunga shule za Kislovenia kwa mageuzi ya elimu ya 1923, walimu wakahamishwa au kufukuzwa, vyama vya utamaduni vikapigwa marufuku, na majina ya ukoo yakaanza kubadilishwa yawe ya Kiitalia. Katika hali hiyo ukaja uamuzi wa kiutawala ambao kwa macho ya haraka unaonekana wa kawaida kabisa: halmashauri kadhaa ndogo zinazoizunguka Gorizia zifutwe, ziunganishwe na manispaa ya mji. Solkan ilikuwamo, pamoja na Podgora, Štandrež na nyingine.

Wapangaji wa miji watasema, na wana haki ya kusema, kwamba mji unaokua unahitaji eneo. Maji, barabara, kodi. Sawa. Lakini angalieni jambo lililofanyika kwa kalamu hiyo. Mji wenyewe ulikuwa wa watu mchanganyiko. Vijiji vya pembeni vilikuwa vya Waslovenia. Kijiji chenye halmashauri yake kina mwenyekiti wake, kina mihuri yake, kina mahali ambapo mtu anaingia na kuzungumza lugha yake kudai haki. Ukikifuta, hakuna nyumba iliyobomoka, lakini ile meza ya kuzungumzia imeondolewa. Mimi naona hiyo ndiyo iliyokuwa faida kuu ya uamuzi ule, maji na barabara vikifuata nyuma. Na mwaka ule ule, 1927, ndipo Waitalia walipomaliza kulijenga upya lile tao la mawe. Walilijenga kwa umbo karibu lile lile, ila vile vitao vidogo vya juu ya tao kuu, vilivyokuwa vitano kila upande, vikawa vinne. Daraja likarudi, halmashauri ikaondoka.

Kumezwa kwa karatasi kulidumu miaka 20. Nitapita haraka juu ya Vita vya Pili, si kwa sababu ni vidogo, bali kwa sababu vingehitaji jioni yake. Italia ilisalimu amri Septemba 1943, Wajerumani wakaingia, wapiganaji wa msituni wakajaribu kuwazuia hapo hapo kwenye viunga vya Gorizia. Daraja lilipigwa mabomu mara zaidi ya moja na safari hii likasimama. Mei 1945 jeshi la Yugoslavia liliingia Gorizia, Juni likaondoka, na eneo likawekwa chini ya utawala wa kijeshi wa Waingereza na Wamarekani huku mataifa makubwa manne yaliyoshinda vita yakijadiliana mpaka upite wapi.

Mpaka ulianza kufanya kazi usiku wa tarehe 15 Septemba 1947. Mji wa Gorizia ukabaki Italia. Vijiji vingi vya mashariki, na Solkan ikiwemo, vikaenda Yugoslavia. Na kituo cha treni cha reli ile ya 1906, jengo kubwa la kifahari lililojengwa kwa ajili ya Gorizia, likaangukia Yugoslavia, wakati uwanja ulio mbele ya mlango wake ukakatwa katikati. Abiria aliyetoka kituoni aliona mji wake mbele yake na asiweze kuufikia. Mstari ulichorwa kwa chokaa nyeupe, juu ya lami, ukapita mashambani, uani mwa watu, na huko Miren, kusini kidogo, ukapita katikati ya makaburi. Wenzetu wa Tunduma na Nakonde wanajua maisha ya kununua sukari nchi moja na kulala nchi nyingine. Lakini wao hawakuamkia mpaka mpya asubuhi moja.

Tazameni hali ya Solkan asubuhi hiyo. Ilikuwa kata ya mji, mji umeondoka. Hospitali iko ng'ambo. Sekondari iko ng'ambo. Soko la mboga, wanunuzi wa makabati, mwanasheria, daktari wa meno, duka la vitambaa, vyote viko umbali wa kutembea kwa miguu na vyote viko nchi ya kigeni. Kwa karatasi sasa Solkan ilikuwa huru kutoka kwa Gorizia, jambo ambalo wengi walilipigania kwa nguvu na kwa damu. Kwa tumbo, haikuwa na mji.

Hali hiyo ilifika mahali ikapasuka. Jumapili, tarehe 13 Agosti 1950, watu wa upande wa Yugoslavia walikusanyika kwenye kizuizi cha Rožna Dolina wakitarajia kuonana na ndugu zao wa upande wa pili. Watu wakazidi kuwa maelfu. Walinzi walizidiwa, au waliacha wazidiwe, hilo wanahistoria waamue. Umati ukavuka ukaingia Gorizia. Walifanya nini? Hawakuchoma ofisi, hawakupandisha bendera. Walikwenda kusalimia ndugu, kisha wakaingia madukani. Wenye maduka wakafungua, Jumapili ile ile, na watu wakanunua vitu vilivyokuwa vimeadimika upande wao, na maarufu kuliko vyote ilikuwa mifagio. Jioni wakarudi makwao, mifagio mabegani. Siku hiyo inaitwa mpaka leo Jumapili ya Mifagio. Baada ya miaka mitano, mwaka 1955, serikali mbili zilitia saini makubaliano ya Udine, wakazi wa karibu na mpaka wakapata pasi maalumu ya kuvuka. Waslovenia wakaenda Gorizia kununua kahawa na suruali za jinzi, Waitalia wakaja kununua nyama na petroli.

Yugoslavia, wakati huo, ilikuwa imeshaamua kwamba kama Gorizia imechukuliwa, basi itajengwa Gorizia nyingine. Nova Gorica maana yake ni hiyo tu, Gorizia Mpya. Mpango wa mji ulichorwa na msanifu majengo Edvard Ravnikar, mwanafunzi wa msanifu mwenzake Jože Plečnik, aliyewahi pia kufanya kazi kwa msanifu Le Corbusier huko Paris. Juni 1948 jiwe la msingi liliwekwa, na vijana wa kujitolea wakachimba, mchana wa jua kali, kwenye mashamba na ardhi yenye maji kusini mwa Solkan, pasipokuwa na mji wowote. Nia haikufichwa: mji uonekane ng'ambo, uwaoneshe waliobaki Italia kwamba ujamaa unaweza kujenga. Mwezi huo huo Tito, kiongozi wa Yugoslavia, na Stalin wa Muungano wa Kisovieti wakagombana, fedha zikapungua, na sehemu kubwa ya mpango wa Ravnikar haikutekelezwa. Yale maghorofa ya mwanzo bado yako. Wenyeji wanayaita maghorofa ya Kirusi.

Hapa ndipo tunapoingia kumezwa kwa pili, na tofauti yake na kule kwa kwanza inaonekana kwa macho. Mji mpya haukuwa na kitu. Huwezi kuchora mtaa leo ukapata fundi, ukumbi na wazee wa kuwauliza mambo kesho. Solkan ilikuwa navyo. Wale maseremala niliowaomba mwakumbuke waliingizwa kwenye kiwanda cha samani cha serikali ambacho baadaye kilijulikana kama Meblo, na kwa miongo kadhaa magodoro yake ya Jogi yalilaliwa Yugoslavia nzima. Tamthilia je? Kundi la maigizo la Nova Gorica lilicheza katika ukumbi wa Solkan kwa miaka mingi, mpaka jengo jipya la mjini lilipofunguliwa mwaka 1994. Kwa miongo kadhaa, mtu wa mjini akitaka kwenda kuona tamthilia ya mjini alikwenda kijijini. Niambieni nani alikuwa anammeza nani.

Lakini nyumba ziliendelea kusogea. Mashamba yaliyotenganisha Solkan na maghorofa ya kwanza yakajengwa. Mwaka 1984 kikaja kituo cha umeme wa maji kwenye Soča. Mwaka uliofuata ikaja barabara ambayo naipenda kuliko zote katika simulizi hii. Sikilizeni. Nyuma ya Sabotin kuna vilima vya Brda, nchi ya mizabibu na matunda. Baada ya 1947, njia fupi kutoka Brda kuja huku ilipita Italia, kwa hiyo watu walizunguka mbali sana kaskazini. Mkataba wa Osimo wa mwaka 1975, kati ya Italia na Yugoslavia, ulitafuta suluhisho, na suluhisho likawa hivi: barabara ya Yugoslavia inatoka Solkan, inavuka mto, inapanda ubavu wa Sabotin, inaingia ardhi ya Italia kwa takriban kilomita moja na nusu, inatoka tena. Katika kipande hicho barabara ilizungushiwa uzio pande zote mbili na dereva alikatazwa kusimama. Yaani uko Italia kisheria, lakini huruhusiwi kushuka kukojoa. Juu yake, mlimani, mawe meupe yalikuwa yamepangwa mwaka 1978 yasomeke kutoka Gorizia: "Naš Tito", Tito Wetu. Maneno hayo yamefutwa, yamerudishwa, yamepakwa tena. Kila upande una wachokozi wake.

Leo hii ukisimama kwenye njia inayounganisha Solkan na Nova Gorica huoni mahali ambapo kimoja kinaishia. Ni eneo moja la mji. Nova Gorica ina watu kama 13,000, Solkan zaidi kidogo ya 3,000, na iko ndani ya manispaa ya Nova Gorica. Lakini kwenye orodha rasmi ya makazi ya Slovenia, Solkan imeandikwa peke yake. Haikuandikwa kama mtaa wa mji. Wenyeji wenyewe ndio waliotaka iwe hivyo, na hoja yao ni ya historia na ya utambulisho wa mahali. Mtaalamu wa ramani anayependa mistari safi atasema hiyo ni hisia. Mimi nasema ni kumbukumbu ya utawala: watu hawa waliwahi kufutwa kwenye orodha mara moja, 1927, na wanajua kilichofuata. Kule kuzungukwa na nyumba hakujawaudhi sana, maana nyumba nyingine ni za watoto wao wenyewe. Wanachokilinda ni ule mstari mmoja kwenye karatasi.

Naona kijana pale mbele anataka kuniuliza kuhusu Umoja wa Ulaya, kwamba mpaka si umeshakufa? Ulikufa, ndiyo, kwa hatua. Slovenia iliingia Umoja wa Ulaya tarehe 1 Mei 2004, na uzio ulioukata ule uwanja wa kituo cha treni uliondolewa. Desemba 2007 ukaguzi wa pasipoti ukaisha. Machi 2020, kwa sababu ya korona, uzio ukarudishwa uwanjani, na watu wakawa wanazungumza na ndugu zao kupitia nyaya. Oktoba 2023 Italia ikarudisha ukaguzi mpakani, Slovenia nayo ikarudisha ukaguzi kwenye mipaka yake na Croatia na Hungaria. Kwa hiyo mpaka umekufa kama mtu anayelala sebuleni.

Mwaka 2025 Nova Gorica na Gorizia zilikuwa kwa pamoja mji mkuu wa utamaduni wa Ulaya. Sherehe za ufunguzi zilifanyika tarehe 8 Februari. Majina mawili kwenye mabango, Gorizia ya zamani na Gorizia mpya. Solkan haikuandikwa, ingawa tao linaloonekana kwenye picha nyingi za utalii wa eneo hilo liko kwake, na wanaokuja kupiga makasia kwenye maji ya Soča hushukia kwake. Tangu mwaka 2011 kuna chombo cha pamoja cha manispaa za pande mbili, Gorizia, Nova Gorica na Šempeter-Vrtojba, kinachopanga mambo ya usafiri, afya na mazingira bila kujali mstari. Hicho nakiona ni jambo la maana kuliko mabango yote. Swali langu kwa waliokiunda ni la kawaida tu: katika meza hiyo, Solkan inakaa kwenye kiti cha nani? Kwa sasa inazungumza kupitia Nova Gorica, kama ilivyozungumza kupitia Gorizia miaka ile 20, ingawa safari hii kwa lugha yake.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Tuna dakika za maswali, na nimeshaona mkono wa mama mmoja pale dirishani tangu nilipotaja mifagio. Karibu, mama.